Dishi Juu ya Dari ya Mama

Mimi sikuumbwa kukaa kitako. Mama husema hata tumboni sikumpa raha, na dukani kwangu Ndia Kuu, Mombasa, ninakouza leso, wateja wamezoea kuniona nikiwatandikia pea moja huku mkono wa pili umekwisha vuta nyingine. Lakini mwaka ule ulizidi. Nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mdogo wangu wa kike, ndugu yangu wa pekee, alikuwa amekwisha pata pasipoti, na wakala anayepeleka wanawake Saudia kufanya kazi za nyumbani alikuwa akimpigia simu kila mara kumuuliza lini atakuwa tayari.

Mdogo wangu aliolewa bara, juu ya vilima nyuma ya Mazeras. Mumewe ni fundi wa kuezeka makuti, na kwa kazi hiyo hana mfano, lakini watu siku hizi wanaezeka mabati. Wana watoto watatu. Watoto hawali sifa za baba yao, na hapo ndipo wakala alipopata mlango.

Mama hakuambiwa. Mdogo wangu aliniapisha. Mama ana moyo mwepesi, na mtaani kwetu kila nyumba ina hadithi yake ya msichana aliyekwenda huko akarudi si yule, au hakurudi.

Kilichokuwa kikimzuia mdogo wangu ni kofia. Nyanya yetu alitufunza sote wawili kushona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka nakshi itokee. Mimi nilishindwa. Kofia moja ni kazi ya miezi, na mimi hata nusu saa naiona ndefu. Yeye alishika. Alipoolewa akaenda na sindano zake, akawafunza wanawake wa kule, wakawa kikundi, na kikundi kikapata mnunuzi, tajiri mmoja wa Maskati mwenye duka la nguo za kiume. Tajiri huyo alikuwa na taratibu yake. Picha hataki. Alitaka kofia ioneshwe kwa video, mtu aigeuze mbele yake ndani na nje, aulize, ajibiwe, achague nakshi hapo hapo. Picha yoyote hupendeza, alisema, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe sinunui leso bila kuishika.

Lakini kule kilimani mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kando ya mkorosho. Wanawake walikipanda kwa zamu, simu juu, kofia mkononi, wadudu miguuni. Picha moja ilikwenda kwa dua. Video haikwenda kabisa. Na mimi huku mjini nyaya za faiba zimepita dirishani kwangu kama kamba za kuanikia nguo, makampuni yanagombania ukuta mmoja, majirani wanaangalia vikatuni mpaka simu zinawaka moto. Nikilifikiria jambo hilo nilikunja leso vibaya, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Viongozi walikuwa wakipanda kule kilimani kusema kwamba mtandao utaleta maendeleo mashinani. Walisema vizuri, watu wakapiga makofi. Kisha wakateremka na magari yao, na wanawake wakarudi kichuguuni.

Aliyekuja na njia alikuwa mteja wangu, fundi wa mtandao aliyeingia dukani kumnunulia mkewe leso. Babake aliletwa Mombasa na kazi ya reli kutoka magharibi mwa nchi, yeye akazaliwa Changamwe, na yeye na wenzake walikuwa na kampuni ndogo ya kupeleka mtandao mahali ambapo makampuni makubwa hayaoni faida. Nilimweleza habari za kichuguu nikitaka acheke tu. Hakucheka. Alisema hakuna haja ya kuchimba mtaro mpaka kilimani. Dishi moja liwekwe mjini penye faiba, lingine kule juu, yatazamane uso kwa uso bila kitu katikati, na mtandao utavuka hewani wenyewe. Alichokosa ni nyumba ndefu yenye dari inayoona vilima.

"Yetu," nikasema kabla hajamaliza.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe, na dari yake, lile paa tambarare la kuanikia vitu, iko juu kuliko za jirani. Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa akikata ndimu za achari.

"Litanionesha mwanangu?" aliuliza.

"Litakuonesha, mama. Na wajukuu zako, na sauti zao, wazi kama nikuonavyo."

"Basi na liwekwe."

Huku kwetu mwanamume hapandi dari hivi hivi. Ukiwa darini unaona nyua za watu, na wanawake wamo humo na vichwa wazi, wanapika, wanafua, wanasukana. Kwa hiyo kabla hajapanda, mwanamke wa nyumba huzunguka kwa majirani kuwaambia kuna mtu apanda kwetu, nao huingia ndani. Naye mwenyewe apandapo hupiga hodi kila ngazi, na akifika juu huangalia miguu yake. Nilimweleza fundi haya yote nikidhani atayaona mzigo. Aliyashika kuliko watoto wa mtaa. Alipanda akipiga hodi kwa sauti ya kuamsha mtaa, akafanya kazi yake yote ameinama, simu na dira mkononi, bila kuinua macho nje ya ukingo. Nyumba za mawe kama yetu hazitobolewi ovyo, kwa hiyo mlingoti wa dishi ulisimamishwa ndani ya gurudumu kuukuu lililojazwa zege. Alilizungusha gurudumu taratibu mpaka simu yake ikamwambia basi, akateremka. Wapi dishi lilikuwa likitazama, juu ya ua wa nani, hakuona yeye wala sikuangalia mimi.

Mama aliliita dishi lile uteo, kwa kufanana kwake na ungo wa kupepetea. Jioni ile alimuona mwanawe kwenye simu yangu, uso mzima, bila kukatika. Alilia. Akamuuliza mbona amekonda, akawafanya wajukuu wasome Fatiha mmoja mmoja, akamsahihisha wa mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikihama mguu huu hadi ule, nacheka peke yangu.

Yule tajiri naye alifurahi. Aliziona kofia, akauliza maswali mengi, akaagiza moja ya nakshi aliyoichagua mwenyewe. Alitaka kuifuata kila hatua, kila wiki, mchana duka lake likiwa wazi, na ikimridhisha mpaka mwisho atachukua kazi yote ya kikundi mwaka ule. Ilitakiwa iishe kabla ya Ramadhani. Mdogo wangu alimwambia wakala angoje.

"Tukiipata kazi hini, sendi," aliniambia. "Tukiikosa, dada, nimekwisha mpa neno."

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda sawa. Kisha mume wa jirani yetu akafariki. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, bibi aliyenilea nusu, ambaye nilikuwa nikila kwake nikichukia chakula cha nyumbani. Tulizika, tukasoma hitima, na bibi akaingia eda. Mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hamtembelei. Nyumba yake ni moto mchana, kwa hiyo alikuwa akikaa uani, kwenye kivuli, mpaka magharibi.

Na mtandao ukaanza kukatika.

Ulikatika asubuhi, ukarudi magharibi, tena dhaifu. Mama aliweza kuzungumza na mwanawe jioni, kwa taabu kidogo, na akashukuru. Lakini mchana, saa za tajiri, kilimani kulikuwa kimya. Mdogo wangu alikuwa akitoka mbio hadi kichuguuni kumwandikia tajiri radhi, na tajiri alikuwa akijibu kwa adabu, na kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia.

Nilimwita fundi. Nikazunguka kwa majirani, nikawaambia, akapanda na hodi zake. Alikuta dishi limepinda kidogo. "Ni upepo, Mama," alimwambia mama yangu kwa heshima. Alilirudisha, akalizungushia mawe mazito kwenye gurudumu. Mama alimletea shira na kaimati. Siku ya pili yake asubuhi, kimya tena. Akarudi, akakuta mawe yamesogea, akakuna kichwa. Alibadilisha nyaya. Alibadilisha na kifaa. Alisema chumvi ya bahari, akasema joto, akasema kule kilimani pengine mnazi umeota ukaziba. Mumewe mdogo wangu akakata makuti ya mnazi wa watu, wakagombana na mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimekwisha haribika. Nilifungua duka nikalifunga, nikalifungua. Jioni nilikwenda bustani ya Mama Ngina nikanunua mihogo ya pilipili, nikatembea nayo ukingoni mwa bahari mpaka ikapoa, watu wamekaa na jamaa zao wanakula kwa raha zao, mimi natazama simu. Wenzangu waliniambia subira huvuta heri. Niliwaambia waivute wao. Ramadhani ilikuwa inakuja, na kila nilipomuona mama akipanda darini na sinia lake la ndimu kuanika achari, niliona wivu. Nilisema moyoni, laiti nami ningekuwa na utulivu ule.

Siku moja, kabla ya adhuhuri, mdogo wangu aliniandikia ujumbe. Kofia ilikuwa imeisha. Tajiri alikuwa anangoja kuiona saa ile, naye alikuwa amesema hii ni mara ya mwisho, na mtandao haukuwako. Sikufunga duka. Nilimwambia jirani wa duka aniangalizie, nikatoka mbio na buibui langu likipepea, nikawapita watu bila salamu, jambo ambalo kwetu husemwa mwaka mzima. Nilizipanda ngazi zote za kwetu bila kupumua.

Mama alikuwa darini. Mawe ya fundi alikuwa ameyapanga vizuri kando, karibu na sinia la achari. Leso ameifunga kiunoni, amelikumbatia dishi kwa mikono miwili, anamalizia kulizungusha. Alikuwa amelielekeza baharini.

"Mama! Wafanyani?"

Alishituka, kisha akaweka kidole mdomoni mwake. "Sauti, mwanangu. Mwenzio yuko tini hapo."

Nilichungulia. Chini yetu, hasa mbele ya pale dishi lilipopaswa kutazama, bibi jirani alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, kichwa wazi, tasbihi mkononi.

"Yuwakaa eda," mama akasema. "Na hili lina mato. Weye mwenyewe wanambia litanionesha mwanangu, na likanionesha. Kama lamuona mwanangu kule Mazeras, litakosaje kumuona huyu hapa tini yake? Na huyo tajiri wenu, mwanamume wa watu, mwapitisha uso wake kutwa juu ya kitwa cha mwenye eda. Mimi sijafa bado, nione haya yatendeka kwangu. Mtana naligeuza, fundi akija nalirudisha upesi kabla hajapanda. Magharibi akiingia ndani nalirudisha, nazungumza na mwanangu. Kuna aliyedhurika?"

"Mbona hukunambia?"

"Ningalikwambia ungalinambia upuzi. Na fundi ni mgeni, kumwambia nimeona haya. Ndiyo nikamkaangia kaimati."

Sikucheka. Nilijaribu kumweleza kwamba dishi halina macho, ni chuma tu kinachopokea na kutoa, lakini ulimi ulikuwa ukinikimbilia mahali pengine. Nilikuwa nimeapa, na kiapo kikanitoka mdomoni chote pamoja.

"Mama, mwanao yuwenda Saudia. Ana pasipoti. Kinachomzuia ni tajiri yule, na tajiri hupiga mtana."

Mama aliliachilia dishi. Alikaa palepale juu ya dari, kando ya ndimu zake, miguu ameinyosha mbele. Hakulia. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia. "Na nyote mwajua ila mimi," akasema. Kisha akaniambia twende kwa bibi tukaombe ruhusa kwanza, haiwezekani hivi hivi, na mimi nikahisi kichwa kinataka kupasuka, kwa sababu tajiri alikuwa akingoja. Lakini nilimjua mama. Kumbishania kungechukua muda mrefu kuliko ngazi. Niliteremka peke yangu mbio, nikapiga hodi kwa bibi, nikamwangukia mkekani.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Bibi alinisikiliza, tasbihi imesimama. Binti yake yuko Saudia mwaka wa ngapi huu, kwa mwajiri asiyemrudishia pasipoti yake. Babake alipokufa aliambiwa kwa simu, na tulipomtoa maiti nyumbani hapakuwa na mtoto wa kike wa kumlilia mzee wake.

"Mamako ni mtu wa heri," alisema. "Amenisitiri. Mwambie nimeshukuru. Sasa mwambie aligeuze haraka. Nikionekana nitajitanda leso. Mtoto asende."

Akajivuta ukutani, akajitanda leso gubigubi, kana kwamba macho ya Maskati yote yalikuwa yanashuka. Nilipanda tena. Mama alikuwa amekwisha kusikia kila neno, akawa anasukuma gurudumu kabla sijafika. Tulisukuma pamoja. Sikujua kuangalia simu kama fundi, tuliangalia vilima tu, tukasogeza, tukasogeza, mpaka mdogo wangu akaandika kwamba umerudi. Mama aliinua mikono akaomba dua kwa sauti. Kutoka chini bibi akaitikia amina.

Tulikaa darini tukingoja, na hapo ndipo mama aliponiuliza mambo ya Saudia, moja moja, kazi gani, nyumba ya nani, watoto watakaa na nani. Jua lilikuwa likituchoma vichwa. Niliinuka nikakaa, nikainuka. Simu ilipolia mdogo wangu alikuwa hana video, amepiga sauti tu.

Tajiri alikuwa ameipokea simu yake. Aliiona kofia, akaisifu. Alisema hajaona mkono kama ule siku nyingi. Kisha akamwambia kwa upole kwamba asubuhi ile ile, alipokosa kumpata, kazi ya mwaka amewapa watu wengine ambao humpokea kila apigapo. Akasema atamkumbuka safari nyingine.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mdogo wangu alifunga nasi siku chache za Ramadhani, na kabla ya Idi akaondoka. Tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege, yeye na wenzake wengi wamevalishwa fulana za rangi moja na wakala, na mdogo wangu, ambaye hapendi kufanana na mtu, alikuwa ameifunika ile yake kwa mtandio. Mama alimkumbatia mpaka wakaitwa. Hakumwambia kitu kuhusu dishi, wala mdogo wangu hajui mpaka leo. Anaamini ni upepo.

Fundi nilimwambia. Akasema angalinyanyua macho siku ile ya kwanza angaliuona ule ua, akalisogeza dishi upande wa pili wa dari, mtandao ungepita mbali na bibi. Aliliondoa, akalisogeza kweli. Bibi jirani akamaliza eda yake bila kupitiwa na mtu. Na mtandao tangu hapo haujakatika. Wifi yake mdogo wangu alishika kikundi, tajiri mwingine akapatikana, wanawake wameongezeka, na kile kichuguu kimeota majani. Wageni hupelekwa kuoneshwa banda la ushonaji walilolijenga, wakaambiwa haya ndiyo maendeleo. Ni kweli, ndiyo yenyewe. Mimi huyasikia hayo nikatoka nje nikatembea.

Watoto wa mdogo wangu wako kule kilimani na bibi yao wa upande wa baba. Mama yao Saudia hupewa simu Ijumaa, baada ya kuosha vyombo vya mchana, kwa muda mfupi. Wao humngoja bandani, wameoga, wamepangwa mbele ya simu. Akimaliza nao, nao hutupigia sisi, na mama yangu huwauliza kila kitu, kavaa nini, kasema nini, na kama mikono yake waliiona.

Ijumaa iliyopita mama alikuwa na simu mkononi, yule mdogo akiendelea kueleza. Bila kunigeukia, akaniuliza polepole, kwa sauti ambayo mtoto hakuisikia.

"Ningaliacha ule uteo vile walivyouweka, mwanangu angalikuwapo?"

Mimi ambaye sikuumbwa kukaa kitako nilikaa kando yake. Kisha nikamwambia la, mama, tajiri alikuwa amekwisha chagua watu wake zamani, alikuwa akitupotezea wakati tu.

"Mrongo weye," akasema, akamrudia mjukuu wake kumuuliza kama amekula.